Unga wa mlonge: maabara ikikubali, muuzaji aandike "hushusha sukari"?

Mada: Dondoo la majani ya mlonge likizuia kimeng'enya cha wanga maabara, wauzaji wa Arusha waruhusiwe kuliandika hilo kwenye pakiti?

Mkemia, Arusha: Hapana, kipimo chenyewe kina mitego. Majani hukaushwa kivulini na kusagwa. Gramu 100 hulowekwa kwa saa 72 kwenye lita 1 ya ethanoli ya asilimia 80, huchujwa, kisha ethanoli huondolewa kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Dondoo hupimwa dhidi ya alfa-glukosidesi, kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, sambamba na akabosi, dawa ya kisukari inayojulikana kukizuia. Wengi huteleza hapa: jibu husomwa kwa rangi ya njano, kwa mwanga wa nanomita 405, na dondoo lenyewe lina rangi. Lazima pawe na kirija (kichupa cha kupimia) cha dondoo bila kimeng'enya, uondoe rangi hiyo kwenye hesabu. Kisha kuna tanini, kemikali za mmea ambazo hung'ang'ania karibu protini yoyote, na kimeng'enya ni protini. Ziondoe kwa PVPP, unga unaozinasa, upime tena. Nguvu ikipotea, ulichopima ni tanini tu.

Muuza dawa asili, soko la Kilombero, Arusha: Kaka, wateja wangu hawanywi ethanoli! Wanachemsha kijiko cha unga kwa maji. Pimeni hicho. Sheria ya Tiba Asili ya 2002 inatutambua, msituzibe midomo kwa kipimo cha kitu tusichouza.

Mkemia, Arusha: Hapo umenishika, mama. Jani likipondwa bichi, mirosinesi, kimeng'enya chake, hutengeneza kemikali ziitwazo isothiosianeti. Maji yanayochemka huiua mirosinesi. Chai, unga wa kwenye uji na dondoo la ethanoli ni vitu vitatu, kila kimoja kinahitaji kipimo chake. Na sampuli ya mti ipelekwe Hebaria ya Taifa, hazina ya mimea iliyokaushwa, ipo hapa hapa Ngaramtoni, jina lithibitishwe.

Mfamasia, Moshi: Mnabishana juu ya kirija, mimi namwazia mgonjwa. Anayemeza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, akiongeza kitu kinachoshusha sukari kweli, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, hata kuzimia. Pakiti ikimdanganya, ataacha metformini, dawa yake ya kisukari. Kwangu ushahidi ni watu waliogawanywa kwa kura katika makundi, unga wa uzito uleule kila siku, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, mwanzoni na baada ya miezi 3. Sukari ya asubuhi moja haitoshi, hubadilika hata kwa chakula cha jana.

Muuza dawa asili, Kilombero: Sawa, daktari, ila jaribio hilo muuzaji wa sokoni hawezi kuligharamia. Serikali ilipie, unga tutatoa sisi.