Mwanafunzi wa fildi kwenye shirika la kutetea uhuru wa habari: alipwe au ashukuru?

Mzazi wa Nkuhungu: Naomba tulijadili hili. Mwanangu yuko mwaka wa pili, anasomea uandishi wa habari. Amepata fildi ya wiki 8 kwenye shirika la kutetea uhuru wa habari hapa Dodoma. Barua inasema hakuna posho wala nauli. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, mchana ale kwa mamantilie. Watu wanaodai haki za waandishi, wao wenyewe wanamtumia kijana bure. Ni sawa?

Kijana wa Chimwaga: Si sawa, mama. Hela ya mafunzo kwa vitendo ya Bodi ya Mikopo hatupati wote. Asiye na mkopo mara nyingi ndiye asiye na mjomba mjini. Mwisho nafasi hizi wanazichukua wenye pa kulala.

Kalamu ya Kongwa: Posho ya nini? Wanafunzi wa fildi wanapanga viti vya semina na kupeleka barua. Waandishi wenyewe hawajawa. Bila stashahada na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi, hakuna mwandishi hapo, sheria ya 2015 iko wazi.

Binti wa Mpwapwa: Kaka Kalamu, hapo kwenye viti umeniumiza. Mwaka juzi nilifanya fildi kwenye shirika la namna hiyo. Wiki ya pili simu ikaita, mwandishi wa redio ya wilayani analia, kamera yake imechukuliwa kwenye mkutano wa kijiji. Msimamizi wangu yuko safarini. Nikakaa na daftari: saa ngapi, kijiji gani, aliyechukua alijitambulisha kwa cheo gani, alimwachia hati ya kukamata mali? Kila jambo nilimuuliza mara mbili maana nilijua mwanasheria atayasoma. Jioni sina nauli, nikatembea mpaka Makulu. Usiniambie nilikuwa napanga viti.

Mzee wa Area C: Sheria ya Huduma za Habari ni ya 2016. Ya 2015 ni ya Makosa ya Mtandao. Tusichanganye, vijana wanasoma hapa.

Kalamu ya Kongwa: Mwaka nimekosea, hoja iko palepale. Daktari anasomea, wakili anasomea, mwandishi naye asomee. Tumechoka na kila mwenye simu kujiita mwanahabari. Pole dada, ila kutembea mpaka Makulu hakukupi taaluma.

Mzee wa Area C: Ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni, inaanza na "Kila mtu". Haikusema kila mwenye cheti. Na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilishasema vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Bunge likaja kurekebisha baadhi 2023.

Sauti ya Bahi: Mimi nimekaa hewani miaka 14 bila cheti. Mfugaji akisikia sauti yangu anajua mnadani ng'ombe anauzwaje. Lilipokuja sharti la stashahada nikarudi darasani na watoto wa rika la mwanangu, ada nimeuzia mbuzi. Cheti ninacho. Sasa Kalamu, niambie: nilikuwa mwandishi lini, kabla au baada?

Kalamu ya Kongwa: Mzee wangu, shikamoo. Sikukulenga wewe.

Sauti ya Bahi: Marahaba. Umenilenga.

Mzazi wa Nkuhungu: Jamani, mimi niliuliza nauli.

Kijana wa Chimwaga: Tusamehe mama. Mashirika haya yanaomba fedha za wafadhili kwa semina, kumbi na chakula cha washiriki. Waombe na 5,000 kwa siku ya mwanafunzi. Waiandike kabisa kwenye andiko la mradi.

Kalamu ya Kongwa: Nauli sawa, wapewe. Mshahara hapana.

Binti wa Mpwapwa: Nani ametaja mshahara? Ripoti yao ilipotoka, tukio la kamera limo, maneno yangu vilevile, mpaka pale nilipoandika "alikuwa akilia". Kwenye orodha ya walioandaa, jina langu halimo. Hilo nalo linahitaji mfadhili?

Mzazi wa Nkuhungu: Binti, nimesoma hapo mara mbili. Mwanangu anasema ataenda hivyohivyo Jumatatu. Nauli ya wiki moja nimeshamtengea. Nimemwambia kila anachoandika abaki na nakala.