Mtoto mpole

Mama Kichanga, 2:10 usiku: Shikamooni. Leo siku ya nne, na mtoto wetu ni mpole jamani! Kalala tangu saa tisa alasiri, hajasumbua hata kidogo.

Bibi: Marahaba mwanangu. Mwache apumzike, nawe ulale.

Shangazi Nesi: Wifi, muda wote huo hajanyonya? Mwamshe. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Mvue abaki na nepi, msugue nyayo, mkamulie tone mdomoni.

Mama Kichanga: Nimefanya. Anavuta mara mbili tatu, analala tena.

Shangazi Nesi: Tangu asubuhi amelowesha nepi ngapi?

Mama Kichanga: Moja tu 😟

Shangazi Nesi: Ni chache. Kaka, mtazame kwenye mwanga mzuri. Mbonyeze ngozi kwa kidole, uachie, uone kama ina manjano. Anzia kwenye paji, ushuke mpaka nyayo. Mpime na joto.

Baba Kichanga: Manjano mpaka nyayo. Kwapani 36.1.

Shangazi Nesi: Chini ya 36.5 amepoa. Nendeni hospitali sasa hivi, msingoje kukuche. Kulegea, kukataa titi, manjano kwenye nyayo: hata moja tu ingetosha kuwatoa nyumbani.

Bibi: Tusimpe maji ya glukosi kwanza? Asubuhi tumwanike juani?

Shangazi Nesi: Hapana Mama, nakuomba. Maji yatajaza tumbo bila kumshibisha, na jua haliwezi manjano ya namna hii. Asiponyonya hapati choo, na manjano hutoka mwilini kupitia choo. Yakipanda analegea zaidi, ndiyo hanyonyi kabisa. Apimwe damu. Wifi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi mgongoni. Pua iwe wazi, umwone uso njia nzima.

Baba Kichanga, 5:40 usiku: Tumepokelewa. Bilirubini, ile rangi ya manjano kwenye damu, iko juu, wamemlaza chini ya taa za bluu, macho yamefunikwa. Anapewa maziwa ya mama yake kwa kikombe.

Bibi: Na mimi niliyesema aachwe alale…

Shangazi Nesi: Mama, usijilaumu. Wodini naletewa wengi hivihivi, wazazi wanasema “hana usumbufu”. Anayelia kwa nguvu akitaka titi hanitishi. Wifi, endelea kukamua kila baada ya saa mbili au tatu, maziwa yasipungue.

Mama Kichanga, 11:15 alfajiri: Ameamka mwenyewe, analia anataka titi! Nepi imelowa chapachapa.

Bibi: Turekodie tumsikie.