Mpira wa meza: kwa nini wanawake wanang'ang'ania mezani?

Mto Msimbazi: Wakuu, heshima kwenu. Nimerudia kutazama fainali mbili za Olimpiki ya Paris 2024: ya wanaume, Fan Zhendong na yule Mswidi Möregårdh, kisha ya wanawake, Chen Meng na Sun Yingsha. Kama michezo miwili tofauti. Wanaume wanarudi nyuma mpaka karibu wapotee kwenye picha, wanauvuta mpira kutoka magotini, unakuja unazunguka kama pia. Wanawake wameganda mezani, pa-pa-pa-pa, mpira haupandi. Ni maumbile au ni makocha? Maana Sun Yingsha yeye anacheza kama mwanaume kabisa.

Kijiweni Daima: Maumbile, fungeni mjadala. Mpira wa mwanaume una mzunguko mzito, ukibaki mezani unaruka juu ya raketi yako. Wa mwanamke unazuilika palepale, unamrudishia mwenzio kasi yake mwenyewe. Sasa arudi nyuma kufuata nini?

Bi Zuhura: "Kama mwanaume kabisa." Yaani binti akipiga vizuri sifa anapewa kaka yake. Fainali ya mchanganyiko, mwanaume na mwanamke kila upande, Olimpiki ya Tokyo, mliitazama? Mchezo ule ni kupiga kwa zamu, kwa hiyo kuna seti mipira ya Xu Xin, mwanaume wa China, ilikuwa inamfikia binti wa Japani Ito Mima moja kwa moja. Hakukimbilia ukutani. Walikuwa nyuma seti mbili kwa sifuri, yeye na mwenzake Mizutani wakamaliza 4-3.

Kijiweni Daima: Dada, Mima ana raba ya vipele upande mmoja wa raketi, ile yenye vinundu vinavyovuruga mzunguko. Hiyo si staili, hiyo ni ndumba. Vipele ni wizi uliohalalishwa.

Fundi Raketi: Wizi? Rudia taratibu, mzee mwenzangu. Yule binti wa China, Deng Yaping, kimo mita moja na nusu, alikuwa na vipele virefu, akabeba dhahabu nne za Olimpiki, Barcelona na Atlanta. Naye mwizi?

Kijiweni Daima: Sijamtaja mtu. Ila rangi mbili za raketi zilikuja kwa sababu gani? Watu walikuwa wanabandika raba mbili tofauti za rangi moja, wanageuza raketi chini ya meza, hujui umepigwa na nini. Miaka ya 90 hiyo.

Fundi Raketi: Ya 80. Na aliyevuma kwa mtindo huo ni Mchina Cai Zhenhua, mwanaume mwenzako, tena ilikuwa halali wakati ule.

Mto Msimbazi: Wakuu, niliuliza habari ya kurudi nyuma.

Nipo Nipo Tu: Mimi nilikuja kujifunza mpira, nakuta watu wanajadili magonjwa ya ngozi 😂

Bi Zuhura: Msimbazi, nakujibu wewe, hao waache. Ukumbini kwetu kocha alikuwa mmoja. Mvulana akirudi nyuma: "Vuta! Vuta!" Msichana akirudi nyuma: "Unakwenda wapi, rudi mezani." Baada ya miaka kadhaa mnaleta maumbile.

Kijiweni Daima: Kocha wenu aliona miguu yenu.

Bi Zuhura: Miguu hii ingekukimbiza wewe na kocha.

Shangazi wa Makorora: Mnausahau mpira wenyewe. Ulikuwa milimita 38, baada ya Sydney 2000 ukawa 40, na 2014 ukaja wa plastiki. Kila mabadiliko yamekula mzunguko kidogo, na siku hizi wanaume nao wanasogea mezani. Harimoto yule Mjapani anacheza tumbo limegusa ubao. Hakuna anayesema anacheza kama mwanamke.

Kijiweni Daima: Harimoto hana vipele, shangazi. Ndiyo hoja yangu toka mwanzo.

Mto Msimbazi: Toka mwanzo hoja yako ilikuwa maumbile!

Fundi Raketi: Yule mama wa Luxembourg, jina lake Ni Xialian, akiwa na miaka 61 kaenda Paris na vipele vyake virefu, kashinda raundi ya kwanza, kaja kusimamishwa na Sun Yingsha. Kijiweni, wewe kipele kimoja tu kinakutoa jasho. Njoo Jumamosi, ukipata pointi tano kwenye seti raketi yangu ichukue.

Kijiweni Daima: Raketi ya vipele nifanyie nini? Weka nauli.

Bi Zuhura: Fundi, huyo nianze naye mimi. Nitasimama nyuma kabisa.