Vyuo vikubwa vya utafiti: mliosoma huko tuambieni ukweli, mwanafunzi wa digrii ya kwanza anafaidika nini?

Msafiri_Mpya

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo maana nimebaki njia panda. Nimepata nafasi mbili za kusoma biolojia digrii ya kwanza, moja ni chuo kikubwa cha utafiti, vile ambavyo kila mwaka viko juu kwenye orodha za dunia, wana maprofesa wa Nobel na maabara za kufa mtu. Nyingine ni chuo kidogo ambacho nikikitaja watu wanauliza "ndo wapi huko?" ila darasa lina watu 25 na mwalimu anakujua kwa jina. Kote kuwili nitakuwa mgeni.

Kila ninayemuuliza ananiambia we fuata jina, jina ndo linauza. Sasa juzi nimeongea na jamaa yuko mwaka wa pili kwenye chuo cha aina hiyo ya kwanza akaniambia tangu afike hajawahi kuongea na profesa hata mara moja, leksha wanakaa watu 400 ukumbini, semina anafundishwa na wanafunzi wa PhD ambao nao wanaonekana wanawaza mambo yao. Nguvu zikaniisha kabisa.

Je huyu jamaa ana bahati mbaya au ndo maisha ya huko? Na wale mliosoma mkiwa wageni, mnateseka sawa na wenyeji au kuna vitu wao wanavijua nyie hamvijui? Nataka ukweli, sio zile video za kampasi yenye nyasi za kijani.

mzee_wa_maabara

Mkuu huyo jamaa yako hajakudanganya ila stori kaishia katikati.

Mimi nimesoma nikiwa mgeni, digrii ya kwanza hadi PhD, na semina hizo unazosema nimezifundisha kwa hiyo ni kweli tulikuwa tunawaza mambo yetu, hapo niwaombe radhi wanafunzi wangu popote walipo. Kitu ambacho hakuna anayekwambia mapema ni kwamba profesa wa chuo kama hicho hapandi cheo kwa kufundisha vizuri. Anapanda kwa kuchapisha na kwa kuleta fedha za utafiti. Peter Higgs, yule mwanafizikia aliyetabiri ile chembe inayoitwa Higgs boson, mwaka 2013 alipopata Nobel alisema wazi kwamba kwa mfumo wa siku hizi asingepata kazi chuoni maana alichapisha kidogo mno. Sasa kama Higgs asingepona, unadhani huyo mhadhiri wako kijana anayetafuta ajira ya kudumu atakesha akiandaa leksha yako ya mwaka wa kwanza? Atakesha na andiko lake.

Na hizo orodha mnazozifuata ziangalieni zinapima nini. Chukua ile ya Shanghai iliyoanza 2003. Maprofesa wenye Nobel au medali ya Fields (tuzo kubwa ya hisabati) asilimia 20, wanaonukuliwa sana 20, maandiko kwenye majarida ya Nature na Science 20, na kadhalika. Kuna kipengele wanakiita ubora wa elimu, kina asilimia 10, unajua wanakipimaje? Wanahesabu WAHITIMU waliopata Nobel au Fields. Basi. Hakuna mtu aliyeingia darasani kuangalia kama chaki inaandika. Kwahiyo ukichagua chuo kwa ile orodha unakuwa umechagua mahali wanapofanya utafiti mzuri, ila kama wanafundisha vizuri hilo ni swali lingine kabisa, uende ukaliulize kivyake.

Sasa faida iko wapi. Iko kwenye ukaribu, lakini haikufuati ulipokaa. Mwaka wa kwanza wote nilikaa siti ya nyuma, naandika, naondoka. Mwaka wa pili nikakwama kwenye somo la jenetiki nikaamua liwalo na liwe, nikaenda kwa profesa kwenye zile saa za ofisi, muda anaoutenga kupokea wanafunzi wenye maswali. Nilitegemea foleni. Aisee hakukuwa na mtu! Mwanamama yuko peke yake anakula tufaha anasoma. Darasa la watu mia tatu na ushee, ofisini nipo mimi tu. Tukaongea dakika arobaini, alipoona nauliza ya nje ya mtihani akaniambia njoo maabara Jumatatu. Miezi mitatu ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo na kuhesabu mayai ya nzi kwenye darubini, sikudanganyi, mayai ya nzi, mpaka nikawa nayaota. Ila nilikuwa nakaa kwenye vikao vyao vya kila wiki, nikaona watu wazima wenye majina wanavyobishana, jaribio linavyofeli mara sita halafu mtu anacheka anaanza upya. Hiyo haimo kwenye leksha ya watu 400 wala haimo kwenye kitabu.

Vyuo vingine vimeliwekea mpango rasmi hili, MIT kule Marekani wana programu inaitwa UROP tangu 1969 ya kuwaingiza wanafunzi wa digrii ya kwanza kwenye utafiti, na wengi wameiga. Muulize huyo jamaa yako kama ameshawahi hata kutafuta.

chaki_imevunjika

"Watu wazima wenye majina wanavyobishana" 😂😂 ulichosahau kusema ni kwamba wanabishania nani alimaliza karatasi kwenye printa.

Binti_wa_Vitabu

Niongee upande wa wenyeji maana naona mnatuchukulia kama tulizaliwa na ramani ya chuo mkononi.

Nilikulia nchi hiyohiyo, lugha yangu, shule zangu zote hukohuko, wala viza sijui inafananaje. Ila kwetu mimi ndo wa kwanza kuingia chuo kikuu. Nilidhani saa za ofisi ni saa ambazo profesa yuko ofisini ANAFANYA KAZI na hutakiwi kumsumbua! Naapa. Nilikaa mwaka mzima na nusu nikiamini hivyo, wakati msichana tuliyekaa naye bweni moja wazazi wake wote wahadhiri, wiki ya pili tu kashajua aende kwa nani, akamwambie nini, barua za mapendekezo aanze kuzitafuta lini. Tulikuwa wenyeji wote wawili lakini yeye ndo alikuwa mwenyeji wa chuo, mimi nilikuwa mwenyeji wa nchi tu.

Na wageni mna kitu kimoja nilikuwa nakionea wivu, kuna ofisi yenu kabisa, wiki ya kukaribishwa, mtu wa kuwapokea, kikundi cha watu wa kwenu mnaopeana notisi za miaka iliyopita. Sisi walidhani tunajua. Kwahiyo Msafiri usiwaogope wenyeji, nusu yao wamekaa pale nyuma wanajifanya wanaelewa.

pembe_nne

Jamani msiviweke vyote kapu moja. Oxford na Cambridge ni vyuo vya utafiti tena vya juu kabisa lakini wanafunzi wa digrii ya kwanza wanakaa na mwalimu wakiwa wawili watatu tu, mara nyingine mmoja peke yake, karibu kila wiki, umeandika insha au umefanya maswali na unatetea ulichoandika. Pale hakuna siti ya nyuma. Ukija hujasoma dakika ya tano umeshajulikana. Wengine linawafaa, wengine linawaua kwa presha.

Halafu nenda ETH Zurich, chuo cha sayansi na teknolojia cha Uswisi, uone dunia nyingine. Mwenye cheti cha sekondari cha kule Uswisi anaingia bila mchujo mkubwa, mchujo unakuja BAADAYE, mitihani ya mwaka wa kwanza ukifeli unarudia mara moja tu, ukifeli tena kozi hiyo ndo kwaheri. Na digrii ya kwanza kule sehemu kubwa ni kwa Kijerumani, masta ndo nyingi kwa Kiingereza, kuna watu hawaliangalii hilo wanaona namba tu kwenye orodha wanaanza kuota. Kwahiyo swali sio chuo cha utafiti au kidogo, swali ni mwaka wa kwanza wanafundishaje na wanachuja vipi.

daftari_la_usiku

Naongezea ya wageni maana mzee kaongea ya maabara tu, na Binti samahani dada yangu ila hiyo wiki ya kukaribishwa inaisha siku ya saba.

La kwanza kazi. Mgeni una masaa umewekewa na viza. Marekani 20 kwa wiki wakati wa masomo tena ndani ya kampasi, Uingereza kwa wengi wa digrii ni 20, Australia 48 kwa wiki mbili, Kanada 24. Sasa kuosha vyombo maabara bure kama mzee hapo juu ni kitu cha mtu ambaye kodi yake ya chumba inalipwa na mwingine. Uliza mapema kama nafasi za utafiti wanalipa au wanahesabu kama somo, usione aibu.

La pili hili lilinikuta. Muhula wa kwanza nimeandika insha, fasili nikaichukua kwenye kitabu neno kwa neno kama nilivyofundishwa, maana nilikotoka ukiandika kama kitabu umepatia, ukibadilisha maneno unaulizwa umetoa wapi. Wiki mbili baadaye naitwa mbele ya watu watatu, mezani kuna insha yangu imepakwa rangi ya njano karibu robo. Wizi wa kitaaluma. Kitabu nilikitaja mwishoni jamani! ila sikuweka alama za kunukuu. Walinielewa wakanipa onyo, lakini nilitetemeka hadi magoti na sitaki nikwambie usiku ule nililalaje. Kumbe kuna karatasi ya kanuni tulisaini siku ya usajili kati ya karatasi kumi na tano nyingine. ISOME hiyo karatasi.

La tatu lugha ya kusahihishwa. Msimamizi wangu aliandika "labda ungefikiria kuipanga upya sura hii". Mimi nikafikiria, nikaona iko sawa, nikaiacha. Alaa! Kumbe maana yake ilikuwa futa anza upya. Na huko wengi profesa unamwita jina lake la kwanza, mimi mpaka leo nameza mate kabla sijalitamka.

Alafu upweke. Watu wa PhD ndo zaidi, kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Nature Biotechnology mwaka 2018, waliuliza zaidi ya watu 2,000 kwenye nchi 26, asilimia 39 wakaonekana wana sonona ya wastani hadi kali. Sawa waliojibu walijitokeza wenyewe, labda wenye shida ndo walijibu kwa wingi, lakini hata ukiigawa kwa mbili bado ni wengi. Ushauri nasaha chuoni mara nyingi umeshalipiwa kwenye ada, foleni yake ndefu, jiandikishe kabla hujazidiwa.

Msafiri_Mpya

Asanteni sana aisee, nimesoma yote mara mbili. @mzee_wa_maabara sasa nikitaka kujua kama hiyo maabara inapokea watu wa digrii ya kwanza kabla sijachagua chuo, nauliza nani? Profesa wa Nobel atajibu imeli yangu kweli?

mzee_wa_maabara

Wa Nobel muache apumzike. Ingia kwenye ukurasa wa maabara, angalia majina ya wanaofanya kazi pale, kama hakuna hata mwanafunzi mmoja wa digrii ya kwanza hilo tayari ni jibu. Kisha waandikie wanafunzi wa PhD, wao ndo wanajua mkuu wao ni mtu wa namna gani, na wanasoma imeli usiku wa manane maana hawalali. Fupi tu, mistari mitano: wewe ni nani, andiko gani lao umesoma na nini kimekushangaza humo, na swali MOJA, mfano "wanafunzi wa digrii ya kwanza wangapi wapo kwenu sasa na waliingiaje?" Usianze na "Heshima kwako Profesa mtukufu uliyebobea", wanapokea hizo hamsini kwa wiki wanafuta bila kufungua.

Na huko chuo kidogo ulizia hivyohivyo. Vingine walimu wake wanafanya utafiti mdogo lakini kwa sababu hawana wanafunzi wa PhD, wewe ndo unashika darubini mwenyewe tangu mwaka wa pili badala ya kuhesabu mayai ya mwenzio.

Binti_wa_Vitabu

Hiyo ya mwisho ungeanza nayo mzee.

Msafiri_Mpya

Mrejesho wadau. Nimetuma imeli sita, tatu kila upande. Chuo kidogo mwalimu mwenyewe kajibu baada ya saa moja, kaniuliza napenda nini, kaniambia wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu wako kwenye mradi wake na kanipa imeli ya mmoja wao. Chuo kikubwa siku ya tatu leo kimya, isipokuwa dada mmoja wa PhD saa nane usiku kweli kama mzee alivyosema, kaandika ukurasa mzima, kwamba maabara yao wako wawili tu wa digrii ya kwanza na wote waliingia kwa kugonga mlango, na kwamba yeye asingerudia PhD ila maabara ile asingeibadilisha na nyingine yoyote. Sijui hiyo sentensi niisomeje.

chaki_imevunjika

Muulize printa yao ina karatasi.

mzee_wa_maabara

Isome kama ilivyo mkuu. Tarehe ya mwisho ya kukubali nafasi ni lini?

Msafiri_Mpya

Ijumaa ya wiki ijayo. Nimemuomba yule dada tuongee kwa video Jumapili, kakubali, nitawaambia.