Shule ya binti yangu Ujerumani ilianza kama ya wasichana watupu: walikuwa wakisoma nini?

MamaAsha

Salamu kwenu nyote. Tunaishi Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Binti yangu yuko darasa la nane kwenye gimnasiamu, ile sekondari ambayo ukiimaliza kwa mtihani wa abituri unaingia chuo kikuu. Leo wavulana na wasichana wanasoma pamoja, lakini ghorofa ya pili zimetundikwa picha za zamani: safu za wasichana wenye kola zilizofungwa mpaka kidevuni, na kando yao walimu wanaume wenye ndevu. Chini ya picha mojawapo pameandikwa "Höhere Mädchenschule", yaani shule ya juu ya wasichana.

Binti amepewa kazi ya kueleza darasani historia ya shule yao, akaniuliza jambo nikakosa jibu. Kama wasichana walikuwa na sekondari yao tangu karne ya 19, mbona tunaambiwa hawakupokelewa vyuo vikuu mpaka mwaka 1900? Miaka yote hiyo walikuwa wakisoma nini?

Mwl_Sefu

Mama Asha, binti yako ameshika penyewe. Nimefundisha historia kwa miaka mingi na habari hii naipenda sana, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Majengo yalikuwepo, walimu walikuwepo, na ada wazazi walilipa. Kilichokosekana ni mtihani wa mwisho. Shule zile zilikuwa za mabinti wa maofisa, wafanyabiashara na watu wenye uwezo. Walisoma Kifaransa, dini, fasihi, kuimba, kuchora, kushona na kutarizi. Hesabu ziliishia kwenye kujumlisha na kugawanya kwa matumizi ya nyumbani. Kilatini na Kigiriki hawakufundishwa, na bila hizo lugha mbili mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa hata kabla ya kubisha. Msichana alimaliza akiwa na miaka 15 au 16, bila cheti chochote chenye nguvu. Aliyetaka kuendelea alikwenda chuo cha ualimu, na mwalimu wa kike wa serikali akiolewa alipoteza kazi.

Mwaka 1872 walimu wa shule hizo walikutana mjini Weimar wakaandika kwa nini msichana asomeshwe. Sababu waliyotoa ni kwamba mume Mjerumani asije akachoshwa nyumbani na mke mwenye akili finyu! Naomba binti yako aisome hiyo mbele ya darasa bila kuongeza neno. Mtaala mzima ulipangwa kwa faida ya mtu ambaye hayumo darasani.

Aliyewajibu kwa nguvu ni Helene Lange, mwalimu wa Berlin. Mwaka 1887 aliandika kijitabu kilichoambatana na ombi kwa serikali ya Prussia, jimbo kubwa ambalo Berlin ilikuwa makao yake, akitaka wanawake wafundishe madarasa ya juu ya wasichana na wapewe elimu ya kuwawezesha. Ombi likakataliwa. Hakukaa kulalamika: 1889 alianzisha kozi zake mwenyewe, 1893 akazigeuza kuwa kozi za kuandaa abituri, na 1896 wasichana sita wa kwanza wakafaulu mtihani huo. Walifanya kama watahiniwa wa nje, kwa sababu hapakuwa na shule yao ya kuufanyia.

Sasa turudi kwenu Baden, maana hapo ndipo penye jibu la binti. Hedwig Kettler, mtetezi wa elimu ya wanawake, hakuridhika na kozi za wasichana waliokwisha kukua. Alitaka shule kamili, yenye mtaala uleule wa wavulana, somo kwa somo. Chama chake kilipeleka maombi kwa serikali za majimbo ya Ujerumani, na Baden ikakubali. Tarehe 16 Septemba 1893 gimnasiamu ya kwanza ya wasichana nchini Ujerumani ilifunguliwa Karlsruhe. Ipo mpaka leo, inaitwa Lessing-Gymnasium.

Mwaka 1899 wasichana wanne walifanya abituri hapo. Wanne tu! Mmoja wao, Rahel Goitein, binti wa rabi (kiongozi wa dini ya Kiyahudi) aliyefariki Rahel akiwa mdogo sana, ndiye aliyetoa hotuba ya kuhitimu. Mwenzake Johanna Kappes alikwenda chuo kikuu cha Freiburg, na alipoona atakaa darasani kama msikilizaji tu, akaandika kuomba asajiliwe kama mwanafunzi halali. Wizara ingemjibu nini? Kwamba hana sifa? Cheti alichokuwa nacho ni kilekile cha mvulana yeyote, tena kimetolewa na shule ambayo Baden yenyewe iliiruhusu. Tarehe 28 Februari 1900 Baden ikafungua vyuo vyake vya Heidelberg na Freiburg kwa wanawake, jimbo la kwanza Ujerumani kufanya hivyo.

Kwa hiyo jibu ni hili: shule za wasichana zilikuwepo zamani, lakini zilizotoa mtihani unaotambulika zilianza 1893, na miaka saba baadaye chuo kikuu hakikuwa na sababu ya kukataa.

Zuhura_Berlin

Mwalimu, shikamoo. Asante sana. Mimi niko Berlin, na jirani yangu bibi wa Kijerumani anasema shule aliyosomea ilikuwa na jina la malkia, halafu ikabadilishwa. Huku kwetu mambo yalikwendaje? Na ni lini wavulana waliingizwa?

Mwl_Sefu

Marahaba, Zuhura. Prussia ilichelewa. Bavaria ilifungua vyuo 1903, Württemberg 1904, Saksonia 1906, Prussia ikaja 1908 pamoja na mageuzi ya shule za wasichana. Kuanzia hapo shule nyingi za wasichana zilianza kuitwa Lyzeum, na baadhi zikapata njia ya kufika abituri.

Majina ya malkia na wanawake wa familia za kifalme yalikuwa ya kawaida sana: Luise, Augusta, Viktoria, Cecilie. Ukiona sekondari kongwe yenye jina la namna hiyo, kuna uwezekano mkubwa ilianza kama ya wasichana. Mwanafalsafa Hannah Arendt, kwa mfano, alisoma shule ya Malkia Luise huko Königsberg. Akafukuzwa akiwa na miaka 15 kwa kuongoza wenzake kumgomea mwalimu, na abituri akaifanya 1924 kama mtahiniwa wa nje.

Kuhusu wavulana: baada ya vita Ujerumani iligawanyika, na upande wa mashariki sheria ya 1946 iliwachanganya mapema. Magharibi ilichukua muda, shule nyingi zilichanganya mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Bavaria bado kuna za wasichana peke yao.

Lakini Mama Asha, binti yako asiruke kutoka 1900 mpaka 1970 kama vile barabara ilikuwa imenyooka. Aprili 1933 sheria mpya ya Wanazi iliweka kikomo cha wanafunzi Wayahudi wapya katika sekondari na vyuo: asilimia 1.5. Novemba 1938 waliobaki wakatolewa wote katika shule za serikali. Mwaka huohuo shule za wasichana zikagawanywa matawi mawili, la lugha na la kazi za nyumbani, na hilo la pili watu wakaliita abituri ya pudini. Tazama: vizazi viwili baada ya Weimar, msichana anarudishwa jikoni, na safari hii kwa amri ya wizara.

Na Rahel Goitein, yule wa hotuba? Alisoma udaktari Heidelberg, akaolewa akaitwa Rahel Straus, akafungua kliniki yake Munich 1908. Mwaka 1933 mumewe alifariki, na mwaka huohuo akaihama Ujerumani na watoto wake kwenda Palestina. Alifariki Jerusalem 1963. Kila nikifundisha habari hii husimama hapo, kwa sababu wanafunzi wanahitaji muda wa kuielewa.

Mtunza_Nyaraka

Naongezea la kikazi. Mama Asha, msiishie kwenye picha za ukutani. Sekondari za Ujerumani za wakati ule zilichapisha ripoti ya kila mwaka: walimu, vitabu vilivyosomwa, saa za kila somo kwa wiki, mara nyingi na orodha ya wanafunzi. Nyingi zimehifadhiwa kwenye nyaraka za mji, na baadhi zimewekwa mtandaoni. Muulizeni mhifadhi wa nyaraka za mji wenu kwa kutaja jina la zamani la shule, maana kwa jina la sasa mnaweza kuambiwa hakuna kitu.

Binti achukue ripoti mbili, moja ya kabla ya 1900 na nyingine ya miaka ya 1920, alinganishe saa za kushona na saa za hisabati. Zile za 1933 mpaka 1938 azitazame kwenye orodha ya wanafunzi na dini zao, kama zimeandikwa. Hapo ataona majina yanavyopungua mwaka hadi mwaka.

MamaAsha

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Nimemsomea binti kila kitu jana usiku. Alikuwa amepanga kuanza na mwaka jengo lilipojengwa, sasa amefuta. Anataka kuanza na barua ya Johanna Kappes, halafu arudi nyuma kueleza kwa nini ilibidi iandikwe. Barua kwa mhifadhi wa nyaraka ameshaandika, mimi nimerekebisha salamu tu. Ana swali moja: Johanna alisomea nini alipokubaliwa?

Mwl_Sefu

Udaktari, kama Rahel. Mwambie aanze hivyohivyo alivyopanga.