Tupeane uzoefu: kwenye treni na mabasi ya ughaibuni unatembea na pasi yenyewe au picha kwenye simu?

Wakuu, habari za majukumu. Kabla ya safari watu huulizana viza, tiketi ya ndege na pa kulala. Kitambulisho cha ndani ya treni hakuna anayekiulizia mpaka mkaguzi asimame mbele yake. Kuna wanaosema pasi iache chumbani isije ikaibiwa, na kuna wanaosema usivuke mlango bila hiyo. Mimi niko na hawa wa pili. Leteni yenu: nchi, chombo ulichopanda, ulionyesha nini, kikapokelewa au kikakataliwa. Ya kusikia kwa shemeji tuyaache.

Naanza na Ujerumani. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 (imeshapanda mara kadhaa), inakupandisha treni za mikoani, tramu na mabasi nchi nzima. Ila ina jina lako, haiazimwi, na inakaguliwa pamoja na kitambulisho chenye picha. Jioni moja behewa limejaa, milango ikafungwa, abiria wawili waliovaa kiraia wakatoa mashine. Kumbe ndio wakaguzi. Akaskani yangu, ikalia vizuri, bado akanyoosha mkono. Nikampa kadi ya ukaazi. Ina majina matatu, tiketi ina mawili. Akaligusa lile la katikati kwa kidole, akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudisha.

Jirani yangu tiketi anayo kwenye simu, kitambulisho hana. Aliandikiwa euro 60. Ambacho hakuambiwa pale pale ni kwamba kama tiketi ni yako kweli, unaipeleka ofisini kwao pamoja na kitambulisho ndani ya wiki moja, na ile 60 inashuka hadi ada ndogo, kwa kawaida euro 7. Karibuni.

Kiguu na Njia
Uchina hakuna cha kujadili, mkuu. Treni ya mwendo kasi unakata kwa namba ya pasi, na getini pasi ndiyo tiketi. Mashine isipoisoma unasogea kwenye geti lenye mhudumu. Picha ya simu haikufikishi popote. Metro ni habari nyingine: begi linapita kwenye mashine, pasi kwa kawaida huulizwi.

Mama Safari
Paris, mnaochukua Navigo Découverte, kadi ya nauli ya kule: kadi ni euro 5 na lazima iwe na picha yako, jina na sahihi. Hata uwe umejaza nauli ya wiki nzima, bila picha mkaguzi anakuhesabia kosa. Picha yenyewe ni milimita 25 kwa 30, ndogo kuliko ya pasi. Nilikaa kwenye benchi la kituo na kimkasi cha kucha nikiipunguza, watu wananipita wanacheka. Pasi hakuna aliyeniuliza.

Mla Upepo
Nitawapinga kidogo. Uingereza hakuna sheria ya kutembea na kitambulisho. Basi la London unagusa kadi ya benki, unakaa. Pasi naiacha imefungiwa, kuibebabeba ndiko kunakoipoteza.

Mleta mada
Kwa London nakubali, Mla Upepo. Ila ukiwa na tiketi ya treni yenye punguzo la Railcard, ile kadi uwe nayo, la sivyo punguzo halipo. Na siku ya kupanda Eurostar, treni inayotoka Uingereza kwenda Ufaransa, pale kituo cha St Pancras pasi inakaguliwa kabla hujaiona hata treni.

Popobawa Mstaafu
Mimi niongelee basi la usiku, kwa sababu maneno ya "Schengen haina mipaka" (zile nchi za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa mipakani) yanawaponza watu. Ujerumani ilianza ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tarehe 16 Septemba 2024. Tumetoka Austria, watu wamelala, basi likaingia pembeni, taa zote zikawaka. Polisi wawili wakaanza nyuma kuja mbele. Raia wa kule walipitwa haraka, sisi wengine walitaka vitu viwili: kadi ya ukaazi NA pasi. Kijana mmoja alikuwa na kadi tu, pasi ameipiga picha. Akateremshwa na begi lake. Dereva alisubiri kidogo, kisha akaangalia saa, tukaondoka. Sijui aliishia wapi, na ninavyoona wala hakuwa na kosa la ukaazi. Ukivuka nchi kwa kadi ya ukaazi, pasi iwe mwilini, si kwenye sanduku tumboni mwa basi.

Kiguu na Njia
Mwilini ni sawa kabisa. Mfuko wa nyuma wa suruali si mwilini lakini, hasa kwenye metro.

Bawabu
Japani: mgeni wa muda mfupi kutembea na pasi ni sheria, faini inafika yen 100,000. Mkazi anabeba kadi ya ukaazi. Cha ajabu, kwenye treni za kawaida hakuna anayeuliza. Walioniuliza ni polisi nje ya kituo, kwa adabu zote, wakanakili kwenye kidaftari.

Mama Safari
Swali: watoto je? Nampeleka wangu Uholanzi, ana miaka 15.

Mleta mada
Kule wajibu wa kuonyesha kitambulisho unaanza miaka 14, dada, na wapo wakaguzi wa treni wenye mamlaka ya kukidai. Kwa hiyo huyo ashike pasi yake mwenyewe. Wewe unaweza kuwa behewa jingine.

Mama Safari
Ashike mwenyewe? Huyu aliyepoteza viatu akiwa amevivaa? Tutakaa behewa moja.