Levo kwa pointi, kwa tukio au kwa hazina? Tuna mchezaji mvuvi

mwalo_kibirizi (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni refa wa kundi la watu watano hapa Mwanga. Tunacheza Dungeons & Dragons toleo la tano (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika: refa anasimulia, dadu zinaamua), Jumamosi jioni, kibarazani kwa bi mkubwa. Kanuni za msingi tulizishusha bure, maana tangu 2023 ziko wazi kwa leseni ya Creative Commons. Bando tu ndilo lililotuuma.

Tatizo ni hili. Mmoja wetu ni mvuvi wa dagaa. Wanaovua kwa taa wanaingia ziwani wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, ndipo wanapumzika. Kwa hiyo jamaa tunampata wiki moja kwa mwezi, ikizidi sana moja na nusu. Mimi nagawa pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika levo (ngazi ya nguvu), kwa aliyehudhuria. Sasa mpiganaji wake yuko levo 3 na mtaalamu wa kundi yuko levo 5. (Tunasema "mtaalamu" kwa sababu bi mkubwa alisikia neno "mchawi" mara tatu jioni moja, akaja kusimama mlangoni bila kusema kitu.)

Jumamosi iliyopita walibanwa pangoni na watu-mijusi saba. Mvuvi akaingia kati kuziba njia. Mtaalamu akarusha tufe la moto, dadu nane za pande sita. Sisi tunazo nne, za ludo, kwa hiyo anarusha mara mbili. Ya kwanza 14, ya pili 17. Jumla 31. Mvuvi akashindwa kukwepa, na uhai wote wa mpiganaji wake ni 28. Mtu kasubiri mwezi mzima, ndani ya nusu saa yuko chali, na aliyemlaza ni mwenzake. Alicheka, lakini kahawa aliimaliza haraka akaaga.

Nalinganisha njia tatu: niendelee na pointi za kila mtu, wote wapande pamoja tukifika tukio kubwa, au mtindo wa zamani ambapo kila sarafu ya dhahabu mnayorudi nayo mjini ni pointi moja. Nipeni uzoefu.

Unyanyembe_junction (Tabora)

Kwa tukio, mkuu, maneno yameisha. Wote levo moja, na refa hashiki kikokotoo. Ubaya wake mmoja: watu wanakaa kulisubiri tukio kama abiria hapa Tabora wanaosubiri mabehewa ya Mwanza yatenganishwe na ya kwenu mwisho wa reli. Mimi nilijisahau, wachezaji wangu wakakaa levo 4 miezi mitano. Walininunia hadharani.

hesabu_za_mezani

Kabla hujatupa pointi, litazame jedwali. Levo 2 ni 300, levo 3 ni 900, levo 4 ni 2,700, levo 5 ni 6,500, levo 6 ni 14,000. Tuseme mtaalamu ndiyo kwanza kafika 6,500. Kufika levo 6 anadaiwa 7,500. Mvuvi mwenye 900 akihudhuria vikao hivyohivyo atakuwa na 8,400, yaani yuko levo 5. Jedwali lenyewe linamvuta wa nyuma. Balaa lako ni kwamba wa nyuma yuko ziwani.

Halafu toleo hili linavumilia. Kati ya levo 3 na levo 5 nyongeza ya ustadi (namba unayoongeza kwenye dadu kwa jambo unalolimudu) inatoka 2 kwenda 3, basi. Ungekuwa unacheza Pathfinder toleo la pili, mchezo mwingine wa aina hii, ningekukataza kabisa kuchanganya levo. Kule kila levo inagharimu 1,000 sawasawa, lakini levo yako inaingia kwenye kila jambo ulilolisomea, kugonga na kukwepa humohumo. Levo mbili nyuma unaonekana mtoto.

mwalo_kibirizi

Nyongeza ya 1 sawa, haionekani. Pigo la pili la mpiganaji, analolipata levo 5, hilo linaonekana.

tanganyika_d20 (Dar)

Hameni. Mchezo wa RuneQuest tangu 1978 hauna levo. Ukitumia upanga ukafaulu, unapata nafasi ya kuongeza asilimia za upanga.

mwalo_kibirizi

Nimefundisha watu watano kanuni moja kwa mwaka mzima, mkuu. Sianzi upya.

kibaraza_ujiji (Kigoma)

Mnaizunguka hoja. Hata mkimpa mvuvi levo 5 leo: upanga wa mikono miwili, wastani 10 kwa pigo, mapigo mawili 20, na hapo yote yapate. Tufe la moto ni wastani 28 kwa KILA aliyemo ndani ya futi 20 kutoka kitovu, na anayekwepa bado anakula nusu. Zidisha kwa mijusi saba.

Mtaalamu anabanwa na ratiba. Levo 5 ana nafasi mbili tu za uganga wa daraja la tatu, ndilo la tufe la moto, na ya tatu anaweza kuirudisha akipumzika saa moja, mara moja kwa siku. Swali: kabla hawajalala zile saa nane za kurudisha nguvu, unawapa mapambano mangapi?

mwalo_kibirizi

Moja. Umeme ukikatika tunaishia hapo, kikao kijacho wameshaamka wazima.

kibaraza_ujiji

Umejijibu. Kikao chako si siku yao. Siku moja ya pangoni inaweza kula Jumamosi tatu. Andika pembeni kila mtu kabakiza nini, mkikutana mwendelee palepale. Uone kama mtaalamu atarusha moto kila akiona mjusi.

babu_dadu

Vijana, vitabu vya mchezo huuhuu vya 1981 vilimaliza haya. Levo 2 mpiganaji alihitaji pointi 2,000, mwizi 1,200, mtaalamu 2,500. Na mtaalamu alianza na uganga mmoja kwa siku, uhai wake dadu ya pande nne. Ukirusha ukapata 1, unaingia pangoni na uhai 1. Wenzake walimbeba, baadaye akawabeba yeye.

Hazina nayo inabadilisha akili za watu. Joka likilala wanaliacha lilale, wanabeba sanduku. Na kwa mvuvi wako, pointi zinaingia siku mzigo unapofika mjini. Panga mzigo ufike mbalamwezi ikiwaka.

Unyanyembe_junction (Tabora)

Babu, wenzake wahangaike wiki tatu, yeye aje siku ya mgao? Watapigana kweli.

babu_dadu

Mgao unakubaliwa kabla ya kuingia majini. Muulizeni mwenyewe.

nyavu_na_upanga (Kigoma)

Ni mimi huyo mpiganaji. Niko nchi kavu mpaka giza lirudi, nimewasoma wote.

Levo ya bure sitaki. Mkinipandisha mbili kwa mpigo nitakuta kwenye karatasi vitu ambavyo sijawahi kuvitumia, nianze kuuliza kila zamu. Kuwa nyuma levo moja hakuniumizi. Kilichoniuma ni kwamba niliziba njia kwa sababu ndiyo kazi yangu, na mtu akarusha moto pale niliposimama wakati nyuma ya mijusi kulikuwa na nafasi tele.

mtaalamu_wa_mwanga

Kaka, nisamehe. Niliona saba wamejipanga, nikasahau kama uko pale.

mwalo_kibirizi

Basi iwe hivi. Levo kwa tukio, aliyekosa asiachwe nyuma zaidi ya levo moja. Mvuvi anaanza na 4. Hazina nitaijaribu safari ijayo, babu. Na Jumamosi tunaendelea palepale pangoni, hakuna aliyelala. Mtaalamu amebakiza tufe moja.

mtaalamu_wa_mwanga

Moja??

nyavu_na_upanga

Mimi nimebaki na uhai kiasi gani?

mwalo_kibirizi

Tisa, mponyaji kakuinua. Ile ya levo mpya tutaiongeza mkishalala.

nyavu_na_upanga

Haya, nakuja. Nina ludo nyingine nyumbani, nabeba dadu nne.